Magamba ya Kaa kwa Mama Mkwe

Wakati mke wangu anabeba mimba ya kwanza, nilikuwa mwalimu wa kemia katika sekondari moja mjini Musoma, na niliamini kabisa kwamba hakuna shida duniani inayoweza kumshinda mtu aliyesoma kemia. Imani hiyo ilikuwa ya ajabu kidogo, kwa sababu maabara yangu haikuwa na kemikali. Ilikuwa na chupa. Chupa zilipangwa vizuri kwenye rafu, kila moja na lebo yake, na nyingi ndani yake hamkuwa na kitu isipokuwa buibui. Miaka ya shida ilikuwa imezikausha moja baada ya nyingine, na mimi nilifundisha kwa chaki. Nilichora mwali wa moto ubaoni, nikachora chupa juu yake, halafu nikawaambia wanafunzi, "Sasa rangi inabadilika kuwa bluu." Wakaandika kwamba imebadilika kuwa bluu. Walikuwa watoto wenye adabu.

Halafu ikaja ruksa, serikali ikaachia biashara. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni ikajaa madukani, mitumba ikatandazwa chini pale sokoni, na kila mtu akawa na kitu cha kuuza. Mimi sikuwa na kitu cha kuuza, ila nilinunua suruali moja ya mtumba, ya kijivu, ambayo mke wangu alisema inanifanya nionekane mkuu wa shule. Naitaja suruali hiyo kwa sababu ilikuja kufa kifo kibaya katika habari hii.

Ruksa ilifika na kwenye dhahabu. Kiabakari kulikuwa na mgodi wa zamani, na watu wa vijiji vya jirani walikuwa wakichimbachimba kwa kujificha tangu zamani. Sasa walichimba mchana kweupe. Wanunuzi walikuja na mizani midogo, na pamoja na mizani ikaja zebaki, kwenye vichupa vidogo, ikiuzwa dukani karibu na betri na viberiti kama kitu cha kawaida.

Mke wangu kwao ni huko, ukiacha barabara ya Musoma pale Kiabakari na kuingia ndani upande wa Butiama. Katika ukoo wao mtoto wa kwanza anazaliwa kwa mama wa binti, na jambo hilo halijadiliwi. Tumbo lilipoanza kuonekana nikamsindikiza. Nilimfikisha, nikala kuku, na nilipokuwa narudi barabarani nikapita kwenye kijito chini ya boma lao. Hapo nikaona vijana wamechuchumaa na makarai, wanasugua mchanga wa dhahabu kwa mikono, na katikati ya mchanga zebaki inang'aa. Walimwaga maji machafu palepale kijitoni. Chini kidogo, pale maji yalipotulia, msichana alikuwa anajaza ndoo ya kunywa, na akapanda nayo njia ya kwenda kwa mama mkwe wangu.

Niliogopa. Nilijua zebaki inavyovimbisha fizi na kutetemesha mikono, na nilijua kwamba inapita kwa mama na kumfikia mtoto tumboni, na mtoto huyo alikuwa wangu. Nilirudi nyumbani kwangu Mwisenge, pale Musoma, nikasonga ugali, nikakaa mbele yake bila kuula.

Dawa ya jambo hili ilikuwa fupi sana. Ilikuwa kurudi kule na kumwambia mama mkwe: maji haya yana sumu, chota kwingine. Mtu yeyote mwenye mdomo angeweza. Lakini mkwe hana mdomo. Kule kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawashikani mikono, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Jikoni kwake ndiyo hugusi kabisa, hata kivuli chako kisiingie. Maneno yote yanapitia kwa mtu wa kati, na kwetu mtu huyo alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Tangu nioe, nilikuwa nimemwona mama mkwe mara chache, kwa mgongo, akiondoka haraka amejifunika khanga.

Tena ningesemaje? Kumwambia mwanamke kwamba maji ya nyumbani kwake ni sumu ni kumwambia anamuua binti yake. Kwa hiyo nilizipima njia mbili: kusema sentensi moja, au kuvumbua chujio la kuondoa zebaki kwenye maji. Nikaona ya pili ndiyo rahisi.

Wazo lilitoka kwenye gazeti la kemia la zamani katika maktaba ya shule. Makala ilieleza kwamba magamba ya kaa na kamba yana kitu kinachoitwa kitini. Umbile lake ni mnyororo mrefu uliotengenezwa na kiumbe chenyewe, na ukiupika mnyororo huo kwa kostiki, ile magadi kali ya kutengenezea sabuni, kila pete yake inabaki na mkono mtupu. Mikono hiyo inashika metali nzito, zebaki na risasi na ndugu zao, na maji yanapita safi. Nilisoma makala hiyo nimesimama. Ukurasa wa mwisho, ambao bila shaka ulieleza vipimo na moto wa kiasi gani, haukuwepo. Mtu alikuwa ameuchana, nadhani kufungia maandazi, maana ukurasa uliofuata ulikuwa na mafuta.

Haikunisumbua. Nilikuwa mtu wa kukisia vipimo. Kazi yangu yote ilikuwa hiyo.

Kamba wa baharini hatuna, lakini kaa ziwani wapo, wanakaa kwenye mawe na kunasa nyavuni. Jumamosi nikachukua baiskeli na gunia nikaenda Mugango. Wavuvi walikuwa wanachambua samaki, sato huku, furu huku, sangara pembeni kwa ajili ya kiwanda, na kaa wanawatupa kwa hasira kwa sababu wanachana nyavu. Nikaanza kuwaokota.

"Mwalimu," akasema mmoja, mtu mzima ambaye mwanawe nilimfundisha, "hao hatuwalagi hapa."

"Najua. Sio wa kula."

Akalitazama gunia langu. "Mshahara haujatoka?"

Nikamweleza habari ya mnyororo na mikono. Alisikiliza vizuri, akaita wenzake, akawaambia kwa huruma kubwa kwamba mwalimu hajalipwa. Walinipa kaa gunia zima, na juu yake wakaweka sato wawili, na wakakataa katakata nilipojaribu kuwarudisha. Nilipanda baiskeli na aibu na kitoweo.

Kostiki niliifuata Bunda. Pale kulikuwa na fundi sabuni, Mwislamu mmoja mcheshi mwenye kofia iliyotobolewa na matone ya kazi yake, ambaye miaka ya shida alikuwa mtu mashuhuri kuliko mkuu wa wilaya. Bunda yote ilifua kwa miche yake. Sasa sabuni za viwandani zilikuwa zimejaa na yeye alimshuku kila mtu.

"Assalaam aleikum, fundi. Nataka kostiki kidogo."

"Waaleikum salaam. Ya nini?"

"Ya shule."

"Shule inatengeneza sabuni?"

"Hapana. Napika magamba ya kaa."

Akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. "Wote wanasemaga hivyo," akasema, na akifuta machozi akaanza kunihoji: natumia mafuta gani, nakatia miche wapi, nani amenituma. Ilibidi niape mbele ya mteja mwingine kwamba sitauza sabuni Bunda wala Musoma. Ndipo akanipimia, na kwa wema akaniambia nisiimwage juu ya nguo. Nilimjibu kwamba mimi ni mwalimu wa kemia.

Nilipika uani Mwisenge, kwenye sufuria kuukuu. Kwanza nililoweka magamba yaliyotwangwa ndani ya asidi, chupa pekee ya maabara iliyokuwa bado na kitu, ili chokaa itoke. Yakachemka povu hadi yakalainika. Halafu kostiki na moto. Sitaki kueleza sana harufu. Kaa aliyekaa guniani tangu Jumamosi, ukimchemsha ndani ya kostiki, anajitangaza mwenyewe. Jirani yangu, mama mmoja mpole ambaye alikuwa amenilea tangu mke wangu aondoke, alikuja na upawa mkononi.

"Mwalimu, baba, unapika nini?"

"Nasafisha maji, mama."

"Kwa hiki?"

"Ndiyo."

Alirudi kwake na kufunga madirisha. Jioni ile alinitumia ugali na mboga, na ujumbe kwamba mwanaume akiachwa peke yake ni vizuri awe anakula kwa watu. Wakati nakoroga, sufuria ilitema tone, na tone likaangukia suruali ya kijivu. Nilitazama kitambaa kikiyeyuka pale juu ya goti. Halafu likaja tone la pili, sehemu ambayo mkuu wa shule hatakiwi kuwa na tundu.

Lakini nilipata unga. Ulikuwa mweupe wenye umanjano, wa vipande vidogo vyepesi, na nilipouosha na kuuanika nilikuwa naenda kuutazama kila baada ya muda, nikijisemea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu yalikuwa ya kujisifu mno. Niliujaribu mbele ya kidato cha tatu. Nilikuwa na zebaki ya kipimajoto kilichovunjika, nikaiyeyusha kwa tone la mwisho la asidi kali, nikatia maji. Nikatumbukiza senti tano ya shaba, sarafu ambayo wakati huo haikununua hata njiti moja ya kiberiti, na shaba ikageuka nyeupe kama fedha. Darasa likasema, "Aaaa." Halafu nikachukua maji yaleyale, nikayapitisha kwenye unga wangu, nikatumbukiza sarafu nyingine. Ikabaki nyekundu. Walipiga makofi, na wengine walisimama juu ya madawati. Kwa mara ya kwanza kitu kilikuwa kimebadilika rangi kweli. Tangu siku hiyo shule nzima iliniita Mwalimu Kaa, na mimi mjinga niliona ni heshima.

Nilitengeneza chujio kwa vyungu viwili. Cha juu nilikitoboa chini nikapanga ndani changarawe, mchanga, mkaa, na katikati unga wangu umefungwa ndani ya kitambaa. Cha chini kilipokea maji. Nikapata lifti kwenye lori tupu la kubebea pamba lililokuwa linaelekea Bunda, nikavipakata vyungu mpaka Kiabakari, na kutoka hapo nikatembea, vyungu kichwani, suruali imetiwa viraka viwili vya rangi ambayo fundi cherehani aliapa kwamba ni kijivu.

Shemeji alinipokea. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya upole, mkulima wa pamba aliyechoka kusubiri malipo ya pamba, akashika karai la dhahabu miaka kadhaa nyuma kama wenzake. Nilimpenda, na bado nampenda. Tukakaa kwenye nyumba ya wageni pale bomani. Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa ukuta wa udongo. Nilisikia anavyovuta kigoda chake karibu ili asikie vizuri. Mke wangu akakaa mlangoni na tumbo lake, amekonda kidogo usoni, anatabasamu kwa viraka.

Nikaanza kueleza. Nilieleza kijito na makarai bila kumlaumu mtu. Nilieleza mnyororo na mikono. Nilipaza sauti kidogo pale penye mambo muhimu, kwa faida ya ukuta. Nilieleza kwamba maji yote ya mwenye mimba yapite humu, bila kukosa, na kwamba unga nitakuja kuubadilisha. Nilizungumza kwa muda mrefu, na nilipomaliza nilikuwa natokwa jasho.

Shemeji akageukia ukuta. "Mama, amesema maji mpitishe humu."

Kisha sauti ya mama mkwe: "Mwambie ahsante sana. Kazi ni nzuri."

Shemeji akanigeukia. "Anasema ahsante sana. Kazi ni nzuri."

"Nimesikia," nikasema.

"Mama, anasema amesikia."

Nikamuuliza shemeji kama kuna swali. Akaliuliza kwa ukuta. Ukuta ukasema hakuna swali, ila mkwe ale kuku kabla hajapoa. Niliondoka nikiwa na furaha isiyo na kifani. Nikipita kijitoni niliwasalimu vijana wenye makarai kwa wema wa mtu aliyekwisha kuwashinda.

Wiki kadhaa zikapita. Nilituma maji ya kijito kwa rafiki aliyekuwa akienda Mwanza, ili yapimwe kwa mashine, na hadi leo sijui rafiki huyo aliyapeleka wapi. Haikunihangaisha. Niliota mashirika yananitafuta, na nilianza kufikiria jina la unga wangu.

Shule ilipofungwa nikarudi kule na unga mpya. Nikakaribishwa nyumba ya wageni, nikaletewa maji kwenye kikombe kikubwa cha bati. Nikaonja. Yalikuwa na ladha ya mbali ya sabuni, lakini yalikuwa baridi na maangavu, na nikamwambia mke wangu, aliyekuwa ameketi mbele yangu, kwamba hayo ndiyo maji.

"Ndiyo maana tunakutunzia," akasema.

"Mnanitunzia nini?"

"Maji yako. Mama amesema chombo kilichotengenezwa na mkwe hakichotwi ovyo. Amekifunika na kitambaa chake cha Krismasi. Akijua unakuja ndio anapitisha maji. Siku paroko alivyokuja pia alipewa."

Nilikaa na kikombe mkononi. Nilikuwa mtu pekee katika boma lile, ukimtoa paroko, ambaye alikuwa salama kabisa.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Wewe unakunywa nini?"

"Ya kijito. Toka nizaliwe ninakunywaga hayo." Akasita, akapitisha ulimi kwenye fizi. Hapo ndipo nilipoona kwamba fizi zake zimevimba. "Ila siku hizi mdomo una ladha ya msumari. Usiku silali. Nikadhani ni mimba. Au ule moshi."

"Moshi gani?"

"Wa kaka. Akichoma vitu vyake jikoni."

Nilimtazama. Nakumbuka niliuliza kwa sauti ndogo, kwa adabu kabisa, kama vile nauliza habari za mvua. "Kaka anachoma nini jikoni?"

"Si yale madonge ya dhahabu. Nje upepo unazima moto, halafu watu wanaona. Sasa hivi anachoma."

Hapa lazima nieleze kitu ambacho nilikuwa nimekifundisha kwa miaka, nikakichora ubaoni kwa chaki na kukipigia mstari. Zebaki inakamata dhahabu na kuwa donge moja. Ukitaka dhahabu peke yake unachoma donge, na zebaki inapanda kuwa mvuke. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Ile iliyomwagwa kijitoni ni mbaya, ndiyo, lakini nyingi inakaa chini kwenye tope. Ile ya moto inaingia kifuani moja kwa moja, na kutoka kifuani inaingia kwenye damu. Hakuna gamba la kaa linaloweza kuichuja. Nilikuwa nimelinda mlango mmoja kwa nguvu zangu zote, na mke wangu alishinda jikoni kila siku na mama yake, mlango umefungwa, wakichambua maharage kandokando ya moto ule. Shemeji hakunificha kitu. Nilimuuliza habari za maji, naye akanijibu habari za maji. Na jikoni sikuwahi kupaona, kwa sababu mkwe haingii jikoni.

Niliingia.

Sikuamua. Nilijikuta nimevuka ua na kuinama kwenye kile kilango kifupi, na kikombe bado kimo mkononi. Ndani kulikuwa na giza la moshi. Shemeji alikuwa amechuchumaa na bamba la beleshi juu ya mafiga, na juu ya bamba donge linachemka polepole, rangi ya fedha ikipotea na ya njano ikianza kutokea. Upande wa pili alikuwa mama mkwe, na sufuria ya maharage katikati ya miguu. Aliponiona alipiga ukelele, akavuta khanga usoni na kugeukia ukutani.

Nilitupa kikombe, nikalishika bamba ili nilitoe nje. Nililishika kwa mikono mitupu, mimi mwalimu wa kemia, bamba lililokuwa motoni. Niliruka nalo hatua chache mpaka mlangoni, nikapiga yowe ambalo nadhani lilisikika Kiabakari, na nikalitupa uani. Donge likarukia kwenye mavi ya mbuzi. Shemeji akanipita mbio akaanguka magotini, anachambua mavi kwa vidole huku akisema, "Shemeji, shemeji, umefanya nini, shemeji." Kuku wakadhani wametupiwa kitu.

Sikutoka. Nilisimama palepale jikoni, mikono inaniungua, kiraka kimoja kimefumuka, nikamwambia mgongo wa mama mkwe wangu maneno yote. Sikutafuta mtu wa kati.

"Mama, moshi huu ni sumu. Sio maji tu. Moshi huu unamuua mke wangu na mtoto. Naomba asilale hapa leo. Naomba asiingie tena humu. Mimi nilitakiwa kusema toka siku ya kwanza, nikaleta vyungu."

Nililia, nasema kweli. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, na alinishika shati, sijui kunivuta nje au kujishikilia.

Mgongo haukusogea. Mama mkwe alimwita mwanawe, ambaye bado alikuwa uani na mbuzi, na akasema kwa sauti tulivu kabisa, "Mwambie mume wa dada yako nimesikia. Amchukue mtu wake."

Shemeji akaja mlangoni, mikono yake michafu. "Mama anasema amesikia," akaniambia. "Umchukue."

Tulirudi Musoma mchana uleule. Mke wangu alijifungulia hospitali ya mjini, kinyume cha ukoo mzima, na mtoto alikuwa wa kike, mzima, mwenye sauti. Kwa miezi mingi nilimchunguza kama tajiri anavyochunguza noti. Nilimpungia kidole, nikapiga makofi nyuma ya kichwa chake, nikasubiri akae, nikasubiri asimame. Alifanya kila kitu kwa wakati wake, na hofu ikanitoka taratibu. Fizi za mama yake zilipona. Shemeji alihamishia moto wake nje, mbali, nyuma ya mawe, akisimama upande unakotoka upepo, nilimwonyesha mwenyewe.

Lilibaki kosa langu. Mkwe aliyeingia jikoni na kusema na mama mkwe uso kwa mgongo hawezi kuachwa hivihivi. Ukoo ulikaa, ukaniita, nikaja na mbuzi kama nilivyoagizwa, na mtoto, na mke wangu aliyekuwa akijizuia kucheka njia nzima. Wazee walinisema vizuri. Mmoja aliuliza kama ni kweli nilishika bamba la moto, na nilipoonyesha viganja alitikisa kichwa na kuuliza kama kemia inafundishwa siku hizi na watu wazima. Mbuzi akachinjwa. Mwisho wa yote, ili kuonyesha kwamba mambo yamekwisha, mama mkwe alitakiwa anipe maji ya kunywa kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu. Halafu tungerudi kwenye desturi, yeye upande wake na mimi wangu.

Akaja. Hakujifunika. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona uso, na alifanana na mke wangu kuliko nilivyotegemea. Alishika kikombe kwa mikono miwili akaninyooshea, na kikombe kikaanza kucheza. Maji yakamwagika mkononi kwake, yakamwagika kwenye miguu yangu. Alikaza vidole na kutetemeka kukazidi.

Watu wakacheka kwa upendo. "Aibu ya mkwe hiyo," akasema mama mmoja. "Mama amemwogopa Mwalimu Kaa," akasema shemeji, na kicheko kikapanda.

Mimi nilikuwa naitazama ile mikono. Sikuwahi kuiona kabla. Miaka yote hiyo ya moto jikoni, kabla mke wangu hajabeba mimba, kabla sijaenda Mugango na gunia, alikuwepo pale, kila siku, kwenye kigoda chake. Nilikuwa nimewapigia hesabu mke wangu na mtoto wangu, na hesabu yangu ikaishia hapo.

Nikapokea kikombe, nikanywa kilichobaki. Kisha nikamuuliza, mbele ya ukoo wote, nikimtazama machoni.

"Mama, mikono imeanza lini?"

Kicheko kikakatika. Alimtafuta mwanawe kwa macho ili apitishie jibu, kisha akaacha. Akaificha mikono chini ya khanga.

"Zamani," akaniambia. "Nilidhani ni uzee."

Hakuwa hata na miaka hamsini.